Mwaka wa Kwanza Wodini: Mashemasi wa Kaiserswerth na Agnes Jones

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, usharika wetu huwasimamisha mbele ya madhabahu vijana wanaokwenda kusomea uuguzi. Tunawawekea mikono, kwaya inawaimbia, akina mama wanawavisha vitenge, na mzee wa kanisa anatoa bahasha ya nauli. Baada ya hapo, tuseme kweli, tunawasahau mpaka Krismasi.

Krismasi iliyopita mmoja wao alirudi amekonda. Akiwa jikoni na akina mama, huku akimenya vitunguu, alisema kwamba hatarudi chuoni. Ilikuwa imetokea hivi. Katika majuma yake ya kwanza wodini aliambiwa amwogeshe mzee mmoja aliyekuwa hawezi kujigeuza. Alimwogesha vizuri, akamkata kucha, akamtandikia shuka safi. Muuguzi wa zamu iliyofuata alipofika kitandani alisimama mara moja akaita daktari, kwa maana pumzi za mzee zilikuwa zimebadilika tangu asubuhi. Usiku ule mzee alifariki. "Nilikuwa namwombea moyoni muda wote, mama," binti alisema, "wala sikuona kwamba anapumua vibaya."

Mama mmoja alimjibu kwamba imani yake itamtosha. Binti hakusema neno. Na sisi tuliokuwepo tulinyamaza, kwa sababu hatukuwa na hakika kama jibu lile ni la kweli. Tukaamua kwenda kuangalia Kanisa lilifanya nini hapo mwanzo, lilipowachukua wasichana wasiojua kazi na kuwapeleka kwa wagonjwa.

Habari hiyo inaanzia Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine nchini Ujerumani, ambao leo ni sehemu ya jiji la Düsseldorf. Mwaka 1822 alifika pale mchungaji kijana aitwaye Theodor Fliedner, mwenye miaka 22. Wakristo wake walikuwa wachache katika mji wa Wakatoliki, na wengi wao walitegemea kiwanda kimoja cha mahameli. Kiwanda kikafilisika, usharika ukabaki hauna hata fedha za kumlipa mchungaji. Fliedner akashika njia kwenda Uholanzi na Uingereza kuomba misaada. Alirudi na fedha, lakini alirudi pia na jambo alilolikuta Uingereza: kazi ya Elizabeth Fry, mwanamke aliyeingia magerezani kuwahudumia wafungwa wanawake. Kuanzia hapo Fliedner hakutulia. Mwaka 1833 yeye na mke wake Friederike walimpokea mwanamke aliyetoka gerezani, wakamlaza katika kibanda cha bustani kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine.

Kutoka kwa wafungwa walifika kwa wagonjwa. Hospitali za siku zile zilikuwa mahali pa kuogopwa. Mtu mwenye ndugu aliuguzwa nyumbani. Hospitali ilikuwa ya maskini asiye na mtu. Na waliowauguza maskini hao walikuwa mara nyingi watu waliokosa kazi nyingine yoyote, wengi wao walevi. Fliedner alisoma katika Warumi sura ya 16 habari za Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, akajiuliza kwa nini Kanisa liliwaacha wahudumu wa namna hiyo wapotee. Wakatoliki walikuwa na masista wao. Waprotestanti hawakuwa na kitu.

Oktoba 1836 alifungua hospitali katika nyumba kubwa aliyoinunua bila kuwa na fedha mkononi. Vifaa vyake vilikuwa meza moja, viti vilivyovunjika-vunjika, vitanda vilivyoliwa na wadudu, shuka saba, na wagonjwa wanne waliolala juu ya vitanda hivyo. Siku chache baadaye alikuja shemasi wa kwanza, Gertrud Reichardt, binti wa daktari, mwanamke mtu mzima aliyezoea kumsaidia baba yake kuhudumia wagonjwa. Tunapenda kulikumbuka hilo. Wa kwanza kabisa kuitwa kwenye kazi ile hakuwa mtu mwenye moyo mwema tu. Alikuwa mtu aliyekwisha kuona vidonda.

Waliomfuata hawakuwa kama yeye. Walikuwa mabinti wa wakulima na wa mafundi, na Kaiserswerth ilibidi iwafundishe tangu mwanzo. Waliamka saa kumi na moja alfajiri. Walisugua sakafu, walifua, walipika uji wa wagonjwa, walikesha kwa zamu. Daktari aliwafundisha, na mambo ya dawa walijifunza pia. Mchungaji aliwafundisha Neno. Walivaa gauni la bluu na kofia nyeupe, vazi lililofanana na la mama mwenye nyumba, ili binti ambaye hajaolewa aweze kupita barabarani na kuheshimiwa. Hawakulipwa mshahara, walipata fedha kidogo za mfukoni, na nyumba mama iliahidi kuwatunza wakiugua au wakizeeka. Ahadi yao ilikuwa ya miaka mitano, si ya maisha, na aliyetaka kuondoka aliruhusiwa kuondoka.

Aliyewalea ni Friederike. Vitabu vingi vinamtaja mchungaji na kumpita mke wake haraka, lakini kazi ya kila siku ya nyumba ile, yaani nani alale wapi, nani akeshe, na nani arudishwe kwao kwa kuwa hafai, ilikuwa mikononi mwake. Alifanya hivyo huku akizika watoto wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, hadi alipofariki mwaka 1842.

Mbegu ile ilienea. Fliedner alipeleka mashemasi Marekani mwaka 1849 na Yerusalemu mwaka 1851. Huko Bielefeld mwaka 1869 ilianzishwa nyumba mama nyingine, Sarepta, na kutoka katika jamii hiyo ya Betheli walikuja wamisionari na mashemasi hata huku kwetu Usambara. Lutindi palifunguliwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunaposema habari za Kaiserswerth tunasema habari za bibi yetu mzaa bibi.

Sasa tumtazame mwanafunzi mmoja wa nyumba ile ambaye jina lake linajulikana duniani pote. Florence Nightingale alikuwa Mwingereza wa familia tajiri. Alipokuwa na miaka 16, Februari 1837, aliandika kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake. Mungu hakumwambia utumishi gani. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba ni kuuguza wagonjwa, na alipowaambia wazazi wake ilikuwa kama amesema anataka kwenda kuuza pombe. Walimkatalia. Hatimaye, mwaka 1851, akiwa na miaka 31, aliruhusiwa kukaa Kaiserswerth miezi mitatu hivi, wakati mama yake na dada yake walipokwenda kwenye chemchemi za maji ya tiba. Na familia ilitaka jambo lile lisijulikane kwa marafiki.

Barua zake za wakati ule ni za mtu mwenye furaha, tena mwenye haraka. Kila mlo ulikuwa wa dakika kumi. Hakupata hata nafasi ya kupeleka nguo zake kufuliwa. Alisimama karibu na meza wakati mguu wa mgonjwa ulipokatwa, na jambo hilo hakulisimulia kwa dada yake, kwa kuwa alijua angelichukulia vibaya. Tayari kabla ya hapo alikuwa ameandika kijitabu cha kuisifu Kaiserswerth na kuwaita wanawake wa Uingereza waliokaa bila kazi waende wakaone.

Hapa ndipo tulipokwama katika kusoma kwetu, na hatutaki kupapita. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, Nightingale aliandika tena kuhusu Kaiserswerth. Alisema uuguzi wenyewe pale haukuwa kitu na usafi ulikuwa wa kutisha. Kwamba hospitali ndiyo ilikuwa sehemu mbovu kuliko zote za taasisi ile. Katika maandishi hayohayo alisema kwamba hajapata kuona mahali pengine moyo wa kujitoa kwa Mungu ulio safi kama ule.

Mambo hayo mawili yalikaa katika nyumba moja. Mashemasi wale walimpenda Mungu na walimpenda mgonjwa, na hewa ya wodi zao ilikuwa nzito, na hawakujua. Wangewezaje kujua? Mwaka 1851 hakuna aliyekuwa amethibitisha habari za vijidudu. Lakini Nightingale, baada ya vita vya Crimea ambako aliona askari wakifa kwa maradhi ya hospitali kuliko kwa risasi, hakukubali tena kwamba upendo unatosha. Aliona kwamba mtu anaweza kuua kwa upole.

Kwa fedha zilizochangwa kwa heshima yake, shule ya wauguzi ilifunguliwa London katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Mwanafunzi alipewa chumba, chakula, sare na paundi 10. Kila mwezi msimamizi aliandika taarifa juu yake katika karatasi yenye safu mbili za mambo. Safu ya kwanza ilikuwa ya tabia: kuwahi, utulivu, kuaminika, unadhifu. Ya pili ilikuwa ya kazi, na hiyo ndiyo ndefu: kusafisha na kufunga vidonda, kuweka ruba, kutoa enema, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulala, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kupika chakula cha mgonjwa, kuingiza hewa safi wodini bila kumpiga mgonjwa baridi. Na kutazama: rangi ya ngozi, namna anavyopumua, usingizi, hamu ya chakula, choo, mapigo ya mshipa.

Tuliposoma orodha ile jikoni kwa mama mmoja wetu, binti wetu alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu arudi. Alisema ukiondoa ruba, ni karatasi ileile anayosainiwa na mwalimu wake wa wodi.

Agnes Jones ndiye tuliyemtafuta kwa muda mrefu bila kujua jina lake, kwa sababu alipita katika nyumba zote mbili. Alizaliwa mwaka 1832, akalelewa katika familia ya ofisa wa jeshi yenye asili ya Ireland. Sehemu ya utoto wake aliishi Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, miaka ambayo Wakristo wa Madagaska walikuwa wakikimbia mateso ya Malkia Ranavalona wa Kwanza na kupata hifadhi huko. Moyo wa umisionari ulimwingia akiwa mtoto pale. Baadaye, nyumbani Ireland, alitembelea maskini na wagonjwa wa kijijini, akihisi daima kwamba hajui anachokifanya. Alikuwa mwoga kwa asili, na masikio yake hayakusikia vizuri.

Mwaka 1860 alikwenda Kaiserswerth kujifunza. Alifanya kama wengine: ndoo, tambi, sufuria, watoto wagonjwa. Alipenda sana nyumba ile, na angeweza kubaki na kuvaa vazi la bluu. Hata hivyo alirudi, akafanya kazi London kati ya wanawake waliopeleka Biblia katika mitaa ya maskini, kisha mwaka 1862 akaingia St Thomas' kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Fikirini jambo hilo. Mwanamke wa miaka 30, msomi, aliyekwisha kulelewa na mashemasi, anaanza upya chini kabisa, anaandikiwa karatasi ya kila mwezi kama amewahi au amechelewa. Wapo kati yetu ambao wangesema, "Mimi tayari ni mtumishi, nitafundishwa nini?" Yeye alijua amepata nini Kaiserswerth, na alijua pia kile ambacho hajakipata.

Mwaka 1865 aliitwa Liverpool. Mfanyabiashara mmoja wa mji ule, William Rathbone, alikuwa amejitolea kulipa gharama ili wauguzi waliofunzwa waingie katika hospitali ya nyumba ya maskini ya Brownlow Hill. Nyumba hiyo ilikuwa ya watu wasio na uwezo waliotunzwa kwa kodi ya mji. Wagonjwa zaidi ya elfu walilala humo, na waliowauguza ni maskini wenzao waliomo mlemle, wasiofunzwa, ambao wengi wao waliiba pombe ya wagonjwa wakanywa. Agnes alisitasita muda mrefu kabla ya kukubali. Alipokubali, alikwenda na wauguzi 12 kutoka London.

Tunapohubiri habari za watu kama hawa hupenda kukimbilia kifo chao. Hebu tukae kidogo kwenye siku zao za kawaida. Alfajiri kabla ya saa kumi na mbili Agnes alikuwa amekwisha kuamka na kufungua milango. Alihesabu shuka. Alionja chakula. Aligombana na wakubwa wa nyumba juu ya nani mwenye amri juu ya wauguzi, na si kila ugomvi alikuwa na haki; Nightingale alilazimika kuwaandikia pande zote kuwatuliza. Alijaribu kuwafunza wanawake maskini wa nyumba ile ili wawe wauguzi wa kulipwa, na jaribio hilo lilimvunja moyo, kwa kuwa wengi walilewa ikabidi waondolewe. Jioni aliendesha darasa la Biblia kwa waliotaka. Hakumlazimisha mgonjwa kusikiliza mahubiri kabla ya kupewa supu.

Majira ya baridi ya 1867 kuingia 1868 nyumba ilijaa kupita kiasi. Tifasi iliingia, ile homa inayoenezwa na chawa, si homa ya matumbo tunayoijua sisi. Agnes aliugua, na tarehe 19 Februari 1868 alifariki, akiwa na miaka 35. Alizikwa kwao Fahan, Ireland.

Mwaka uleule Nightingale aliandika juu yake katika gazeti la Kikristo lililosomwa sana na watu wa makanisa. Alimsifu, naam. Lakini wengi waliofungua gazeti lile wakitarajia kulia walikutana na maneno makali: kwamba watu wanadhani kuuguza ni jambo la moyo mwema tu, na kwamba sivyo, ni ufundi unaodai maandalizi magumu kama ufundi mwingine wowote. Hakukubali kifo cha mwanafunzi wake kigeuzwe kuwa hadithi ya huzuni. Alitaka wanawake wengine waje kujaza nafasi, na waje kufunzwa.

Katika kanisa kuu la Liverpool, kwenye kikanisa cha Mama Maria, yapo madirisha ya vioo vya rangi ya ukumbusho wa wanawake. Agnes Jones yumo, pamoja na Elizabeth Fry yule aliyemwamsha Fliedner.

Habari hizi tulimsimulia binti wetu kwa vipande, siku kadhaa, maana hatukuwa tumezisoma zote kabla hajaja. Aliuliza maswali ambayo hatukuweza kuyajibu. Aliuliza kama Agnes naye aliwahi kumkosea mgonjwa akiwa mwanafunzi. Tulimwambia kwamba hatuwezi kufikiri mtu aliyepita mwaka ule bila kukosea, na kwamba karatasi ya kila mwezi iliwekwa kwa sababu hiyo. Yule mama aliyesema imani itamtosha alikuwepo. Alisema, "Mwanangu, nilisema haraka." Wengine wetu tulifikiri neno lake halikuwa kosa lote, bila ile imani Agnes asingeshuka kuanza upya, wala Gertrud asingekaa katika nyumba ya shuka saba. Tulibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa, na hatukuafikiana.

Ibada ya mwaka mpya ilipoisha, kikundi cha wanawake kilimwita nyuma ya kanisa, kikamwuliza ana upungufu wa nini huko chuoni. Tulitegemea aseme ada au godoro. Alifikiri, akasema anahitaji saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa sababu wodini wanafunzi wanaazimana saa moja, na bila saa huwezi kuhesabu pumzi za mtu.

Ilinunuliwa Jumatatu. Jumatano alipanda basi.